Kufundisha pande za pembetatu mraba: miraba kwanza, kanuni baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati Kidato cha Pili. Wanafunzi wangu wanaitaja kanuni ya Pythagoras bila kujikwaa, lakini nikichora pembetatu iliyogeuzwa wanapotea. Wapo wanaojumlisha pande mbili hivi hivi, 6 na 8 zikawa 14. Wapo wanaojumlisha hata pale wanapotafuta upande mfupi. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 70, na vifaa nilivyonavyo ni ubao na chaki. Nianze upya wapi?

Jibu: Pole na kazi, Mwalimu. Makosa uliyoyataja yanaonekana matatu, lakini shina lake ni moja. Wanafunzi wako walipewa herufi kabla ya kuona kitu chenyewe ambacho herufi hizo zinakisema. Kanuni ya Pythagoras msingi wake ni maeneo. Inasema kwamba ukijenga mraba juu ya kila upande wa pembetatu mraba, yaani yenye pembe moja ya nyuzi 90 (pembemraba), eneo la mraba mkubwa linakuwa sawa na maeneo ya ile miwili midogo yakijumlishwa. Ndivyo alivyoiandika Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo: miraba mitatu imechorwa kuizunguka pembetatu, na hoja yote inahusu maeneo yake. Sisi tumeifupisha ikawa a² + b² = c², na katika kufupisha huko miraba imetoweka machoni pa mwanafunzi. Kilichobaki kwake ni vinamba vidogo vilivyokaa juu ya herufi. Ndiyo maana utakuta daftari limeandikwa 6² = 12, na ndiyo maana 6 na 8 kuwa 14 hakumshtui mtu.

Kwa hiyo futa kanuni ubaoni na uiweke kando kwa vipindi viwili. Hata jina la Pythagoras usilitaje. Wape kazi moja tu: watafute eneo la mraba uliokaa mshazari.

Hiyo kazi inafanyika hivi. Kila mwanafunzi achore mraba wenye upande wa sentimita 5, kwa rula, kwenye daftari lake. Aanze kona ya chini kushoto, aelekee kulia, na atie alama baada ya sentimita 2. Apande upande wa kulia, atie alama sentimita 2 kutoka kona ya chini. Azunguke hivyo hivyo mpaka pande zote nne ziwe na alama, kila moja ikiwa sentimita 2 kutoka kwenye kona aliyoanzia. Sasa aunganishe zile alama nne. Ndani ya mraba wake utatokea mraba mwingine, umeinama. Waulize: eneo la huu wa ndani ni kiasi gani?

Wape muda wa kuhangaika. Wengi watapima upande kwa rula, watapata kama 3.6, watazidisha na kupata 12.96. Hilo ni jibu zuri la kuanzia, ila limetoka kwenye rula. Waambie wanatakiwa wapate eneo bila kupima tena. Mmoja wao atagundua kwamba kwenye kona kuna pembetatu nne zinazolingana, kila moja ina pande za 2 na 3 zinazokutana kwa pembemraba, na eneo la kila moja ni sentimita za mraba 3. Nne ni 12. Mraba wa nje ni 25. Ondoa 12, inabaki 13 kamili. Hapo hapo uliza swali ambalo walimu wengi tunaliruka: tumejuaje kwamba umbo la ndani ni mraba kweli? Pande zake ni sawa kwa sababu zile pembetatu nne ni sawa. Kuhusu pembe, pale alama ilipo, pembe mbili zilizochongoka za pembetatu zinakaa kwenye mstari mnyoofu mmoja na pembe ya umbo la ndani. Zile mbili jumla yake ni nyuzi 90, basi inayobaki nayo ni 90. Wanaolielewa hilo wameanza kufanya jometri ya kweli.

Darasa la wanafunzi 70 halikuzuii. Gawa kwa safu za madawati. Safu ya kwanza igawe kila upande wa mraba wa nje vipande vya 1 na 1, ya pili 1 na 2, ya tatu 1 na 3, ya nne 2 na 3, ya tano 2 na 4, ya sita 3 na 4. Kila safu itume mtu mmoja kuandika ubaoni eneo walilolipata. Wakifanya sawasawa, maeneo yatakuwa 2, 5, 10, 13, 20 na 25. Ukiona safu ya tatu imeandika 12, rudi nao kwenye mraba wao wa 4 kwa 4: jumla ni 16, pembetatu nne zinachukua 6, basi ni 10. Kisha nyamaza. Acha jedwali likae ubaoni na uwaulize kama kuna njia ya kupata namba ya mwisho kutokana na zile mbili za mwanzo bila kuchora. Nyamaza kweli, hata kama kimya kinakukera. Mtu atasema 13 ni 4 na 9. Mwingine ataijaribu kwenye 10, akaona 1 na 9. Kanuni itakuwa imetoka vinywani mwao, na ikitoka kinywani mwa mwanafunzi inadumu.

Utaona nimeiweka 3 na 4 mwishoni. Nafanya hivyo kwa makusudi. Vitabu vingi vinaanza na 3, 4 na 5 kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, na mimi naona hapo ndipo tunapowapotosha. Namba hizo zinafuatana, na mtoto mwepesi wa kuona mpangilio ataona ule usiokuwepo: ataamini 4 na 5 zinazaa 6. Nimesahihisha madaftari yenye jibu hilo. Mraba wa 4 na mraba wa 5 jumla yake ni 41, na 6 mara 6 ni 36. Wakishaijua kanuni kwa 2 na 3, ile 3, 4, 5 inakuja kama zawadi: kumbe mara nyingine kipeuo cha pili kinatoka namba nzima!

Kipindi kinachofuata, thibitisha. Naomba usiache uthibitisho kwa kudhani kwamba Kidato cha Pili hawauwezi, maana upo wa dakika chache ambao hauhitaji aljebra hata kidogo. Kata pembetatu nne zinazolingana kutoka kwenye boksi la sabuni au la biskuti, pande fupi ziwe sentimita 20 na 30. Chora ubaoni miraba miwili yenye upande wa sentimita 50. Kwenye mraba wa kwanza zipange pembetatu zako kwenye kona nne kama walivyochora jana, chora kuzizunguka, na nafasi inayobaki katikati ni mraba ulioinama. Kwenye mraba wa pili zipange mbili mbili, kila jozi ifanye mstatili wa 20 kwa 30, mstatili mmoja uukalie kona ya juu kushoto ukiwa umesimama, na wa pili kona ya chini kulia ukiwa umelala. Nafasi zinazobaki sasa ni miraba miwili iliyonyooka, mmoja wa 20 kwa 20 na mwingine wa 30 kwa 30. Miraba ya nje ni sawa, pembetatu ni zile zile nne, basi nafasi zilizobaki lazima ziwe sawa. Hoja hiyo haitegemei 20 wala 30. Ukikata pembetatu mraba yoyote ile, itasimama. Acha mwanafunzi mmoja aje mbele azihamishe kwa mikono yake huku wenzake wakimwambia wapi aweke.

Baada ya hapo ndipo utaje jina la kanuni na neno haipotenusi.

Sasa tuje kwenye pembetatu iliyogeuzwa. Wanafunzi wanapotea kwa sababu tumezoea kuchora pembemraba chini kushoto, kitako kimelala, kimo kimesimama, na c upande ulioinama. Mwanafunzi anajifunza kwamba haipotenusi ni "ule mstari wa mshazari". Ukigeuza pembetatu hadi haipotenusi ilale chini kama kitako, mwongozo wake umekwisha. Wafundishe alama moja tu ya kuitambua: ni upande usioigusa pembemraba. Chora pembetatu kumi ubaoni, zimeelekea kila upande, bila namba yoyote, na kazi yao iwe kuweka kidole kwenye pembemraba kisha kuvuka hadi upande wa pili. Hakuna kukokotoa. Zipe kona majina ya PQR, KLM, XYZ, na katika moja au mbili uite upande mfupi c kwa makusudi. Kisha kanuni yenyewe waiseme kwa maneno kabla ya kuiandika kwa herufi: mraba wa upande unaotazamana na pembemraba ni sawa na miraba ya pande mbili zinazoibana, ikijumlishwa. Maneno hayo yanabaki kweli hata karatasi ikipinduliwa. Herufi zinategemea aliyechora.

Kosa la kujumlisha 6 na 8 kuwa 14 nalitibu kwa uwanja wa mpira. Uwanja unaopendekezwa kwa mashindano ya kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mtu anayetoka kona moja kwenda kona ya mkabala kwa kufuata chaki atatembea mita 173. Akikatiza katikati? Kila mtoto anajua atatembea pungufu, kwa sababu kila siku wanakatiza. Mraba wa 105 ni 11,025, wa 68 ni 4,624, jumla 15,649, na kipeuo chake cha pili ni karibu mita 125.1. Ameokoa kama mita 48. Kujumlisha pande mbili ni kutembea kwa kufuata chaki. Kutokana na mfano huo weka sheria ya darasa: kabla ya kukokotoa, andika haipotenusi inaangukia kati ya namba zipi. Kwa 6 na 8, lazima izidi 8 na ipungue 14. Anayepata 14 ataona amegonga mpaka. Anayepata 100 kwa kusahau kipeuo cha pili ataona mwenyewe. Anayepata 28 chini ya kipeuo, yaani aliyeandika 12 na 16, atafika 5.3 na kugundua kwamba haipotenusi yake ni fupi kuliko upande mfupi. Mstari huo mmoja wa makadirio unakuondolea nusu ya kazi ya kusahihisha, na katika darasa la wanafunzi 70 hiyo si nafuu ndogo.

Kuhusu kutafuta upande mfupi, usiwafundishe "kanuni ya pili" yenye alama ya kutoa. Nimeona ikifundishwa hivyo, na matokeo yake ni wanafunzi wenye kanuni mbili wasiojua waishike ipi. Warudishe kwenye miraba. Haipotenusi ni 13, mraba wake una eneo la 169. Upande mmoja ni 5, mraba wake ni 25. Mraba mkubwa ni jumla ya miwili midogo, na mmoja wa midogo unaujua. Mwingine utakuwa na kiasi gani? Hata aliye dhaifu katika hesabu atatoa 25 kwenye 169 bila kuambiwa atoe, apate 144, na upande ni 12. Wachore miraba yote mitatu kila mara, angalau kwa wiki ya kwanza, na ndani ya kila mraba waandike eneo lake. Mchoro utakuwa mbaya, si kitu.

Mfano wa kutafuta pande zote mbili, mrefu na mfupi, upo juu ya paa la shule yenu. Kenchi ni pembetatu mbili zilizowekwa mgongo kwa mgongo. Nyumba ina upana wa mita 4.8, basi nusu yake ni 2.4. Fundi anataka paa liinuke mita 1. Ubao wa mteremko unahitaji urefu gani, kabla ya kuongeza sehemu inayotokeza nje ya ukuta? 5.76 na 1 ni 6.76, na kipeuo chake ni 2.6. Geuza swali: ubao wa mteremko ni mita 3, nusu ya nyumba ni ile ile 2.4, paa litainuka kiasi gani? 9 toa 5.76 ni 3.24, yaani mita 1.8. Napenda mfano huu kuliko ngazi iliyoegemezwa ukutani, kwa sababu hapa kuna mtu anayepoteza fedha ikiwa hesabu si sahihi, na wanafunzi wanalijua hilo.

Usiwape namba zinazotoka sawasawa tu. Mwanafunzi aliyezoea 3, 4, 5 na 5, 12, 13 akikutana na kipeuo cha 13 anadhani amekosea njia, anafuta kila kitu. Wafundishe kukisogelea: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, basi kipo katikati; 3.6 mara 3.6 ni 12.96; 3.61 mara 3.61 ni 13.03. Wakirudi kwenye mchoro wa siku ya kwanza na kuweka rula, wataiona ile 3.6 waliyoipima. Hapo kipimo na hesabu vimekutana.

Lakini kwa ajili yako unayetunga maswali, seti za namba nzima ni muhimu, na njia ya kuzipata ni nyepesi. Chukua namba witiri yoyote kuanzia 3, ipandishe kipeo cha pili, gawa jibu kuwa namba mbili zinazofuatana. 7 mara 7 ni 49, ambayo ni 24 na 25. Basi 7, 24, 25 inafanya kazi. 9 inatoa 40 na 41. 11 inatoa 60 na 61. Wanafunzi wanaomaliza mapema wape kazi ya kueleza kwa nini. Seti nyingine kama 8, 15, 17 na 20, 21, 29 hazipatikani kwa njia hiyo, na hizo ni nzuri kwa mtihani kwa sababu wengi hawajazikariri.

Na kama unataka kuwaonyesha kwamba jambo hili ni la kale kuliko Pythagoras mwenyewe, waambie habari za kibao cha udongo cha Babeli kinachoitwa Plimpton 322, ambacho leo kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kiliandikwa yapata mwaka 1800 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pythagoras, na kina mistari 15 ya namba za pembetatu mraba. Mmoja wa mistari hiyo unatoa pande za 12,709, 13,500 na 18,541. Waache wazihakikishe kwa mkono, kila kundi likizidisha moja. Namba hizo haziwezi kupatikana kwa kubahatisha, na mtoto anayeziona zikitoka sawa anatambua kwamba hesabu hii ilifanywa na watu wa kabila na bara tofauti, waliokuwa na akili kama zake.

Kitu cha mwisho, ambacho silabasi mara nyingi inakipitia haraka, ni kanuni ikisomwa kinyume: ikiwa miraba ya pande inakubaliana, basi pembe ni pembemraba. Mafundi waashi wanaishi kwa hilo. Anapoweka kona ya msingi, fundi anapima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, kisha anasogeza kigingi mpaka futi kamba isome mita 5 kati ya alama hizo mbili. Watoe wanafunzi nje na kamba na vigingi, wafanye wenyewe. Halafu uliza kwa nini fundi makini mwenye kiwanja kikubwa anatumia 6, 8 na 10. Jibu liko kwenye makosa ya kupima. Kwa 3, 4, 5, futi kamba ikilegea na mita 5 zikawa 5.02, ukuta wa mita 12 utatoka nje ya mstari kwa karibu sentimita 10 ukifika mwisho. Kosa lile lile la sentimita 2 kwenye kamba ya mita 10 litautoa kwa sentimita 5 tu. Hesabu hiyo ya upotofu wataiweza vizuri watakapofika trigonometria, lakini wazo lenyewe wanalielewa sasa hivi.

Hapo pia unapata swali la kupima kama wameelewa au wamekariri upya. Andika ubaoni: pande za pembetatu ni 6, 7 na 9. Bila kuchora na bila kipimapembe, pembe inayotazamana na 9 ni ndogo kuliko nyuzi 90, ni 90, au ni kubwa? Miraba ya 6 na 7 jumla yake ni 85, mraba wa 9 ni 81. Upande huo haujafikia urefu ambao pembemraba ingeudai, kwa hiyo pembe imebana, ni ndogo kuliko 90. Badili 9 iwe 10, mraba unakuwa 100, pembe imepanuka kupita 90. Wanaokujibu kwa kulinganisha miraba wako tayari kuendelea. Wanaokujibu kwamba 6 na 7 ni 13 na si 9, warudishe kwenye ule mraba ulioinama ndani ya mraba wa sentimita 5, na kaa nao hapo kabla hujafungua sura ya trigonometria.